Kibao cha Lango na Taa za Kivuko: Uhakiki wa Lugha ya Barabarani katika Ongata Rongai na Kitengela

Utangulizi

Kazi ya kubadilisha kibao cha lango la mji na kuboresha taa za vivuko huhesabiwa kuwa kazi ya mhandisi, fundi wa umeme na afisa wa mipango. Mwanalugha huitwa mwishoni, ikiwa ataitwa kabisa, ili asahihishe tahajia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utaratibu huo una kasoro tangu mwanzo. Kibao cha lango ni matini. Taa ya kivuko nayo ni matini, ijapokuwa haina hata herufi moja. Kila mojawapo ina msemaji, ina msemezwa, na ina jambo inalomtaka msemezwa huyo alitende. Kwa hivyo matini hizi zaweza kuhakikiwa kwa vigezo vile vile vya fani na maudhui vinavyotumiwa katika kuhakiki shairi au tamthilia, ila kwa tofauti moja kubwa: shairi bovu halimwui msomaji wake.

Mfano unaotumiwa hapa ni miji ya Kaunti ya Kajiado iliyo jirani na Nairobi, hasa Ongata Rongai na Kitengela. Ongata Rongai umejipanga kando ya barabara ya Magadi, ng'ambo ya Mto Mbagathi ambao ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Kitengela umejipanga kando ya barabara itokayo Athi River kwenda Namanga, njia ambayo magari ya mizigo huifuata hadi Arusha. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Ongata Rongai ulikuwa na wakazi 172,569, na Kitengela wakazi 154,436. Miji yote miwili ina sifa moja: barabara kuu iliyokusudiwa kwa wasafiri wanaopita imekuwa ndiyo uti wa mgongo wa maisha ya watu wanaoishi hapo. Duka liko upande huu na shule upande ule, na katikati yanapita malori.

Jambo lililo mizanini si dogo. Takwimu za mamlaka ya usafiri na usalama barabarani nchini Kenya, NTSA, zinaonyesha kwamba katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha barabarani, na kwamba waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko makundi mengine yote, takriban theluthi moja ya waliokufa. Hoja ya makala haya ni kwamba ubovu mkuu wa lugha ya barabarani si makosa ya tahajia, wala si uhaba wa Kiswahili pekee, bali ni kukosea msemezwa. Kibao cha lango humsemeza mgeni aliye ndani ya gari, kikamsahau mwenyeji aliye kwa miguu; na panapokuwa na onyo, onyo hupewa anayegongwa badala ya anayegonga.

Jina langoni

Tendo la kwanza la kibao cha lango ni kutaja jina. Katika vituo vya matatu vya Nairobi, makanga wa njia ya 125 huita "Rongai" tu, na utani wa watu wa Nairobi umeupa mji huo jina la "Dayaspora", kana kwamba kuuendea ni kusafiri ng'ambo. Jina fupi lamtosha abiria, kwa kuwa kituo chenyewe, namba ya gari na sauti ya makanga vinajazia yaliyoachwa. Kibao hakina makanga wa kukijazia. Kuna Rongai nyingine katika Kaunti ya Nakuru, ambayo pia ni jina la eneo bunge, na kuna Rongai ya upande wa kaskazini wa Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, inayojulikana sana na wapanda mlima. Kibao kikisema "Rongai" pekee kitakuwa kimetaja mahali patatu kwa pamoja.

Aidha, ukataji huo wa jina ni kosa la kisarufi. Jina zima ni la Kimaasai: neno la kwanza lina maana ya uwanda, na la pili lina maana ya wembamba. Kwa jumla ni "uwanda mwembamba", yaani maelezo ya ardhi yaliyotungwa na watu waliolisha mifugo juu yake. Anayelikata neno la kwanza huacha kivumishi bila nomino yake. Wazungumzaji wanayo haki ya kufanya hivyo katika mazungumzo, maana kila lugha hufupisha majina yanayotumika sana. Lakini kibao cha lango ni hati ya kudumu, na hati ya kudumu haina budi kulihifadhi jina kamili.

Kuna pia suala la tahajia. Kiswahili sanifu hutofautisha sauti ya kwanza ya "ngoma" na sauti ya kwanza ya "ng'ombe" kwa alama ndogo ya king'ong'o. Katika Kimaasai neno hilo la uwanda lina sauti ya "ng'ombe", na katika majina mengine ya nchi ya Wamaasai, kama vile Ang'ata Barikoi katika Kaunti ya Narok, huonekana mara likiwa na alama hiyo na mara bila. Mwandishi wa vibao huidharau alama hii kwa kuwa ni ndogo na humsumbua mchoraji. Lakini msomaji aliyelelewa katika tahajia ya Kiswahili atalitamka jina jinsi lilivyoandikwa, na baada ya kizazi kimoja au viwili matamshi ya kibao yatakuwa yameyashinda matamshi ya wenyeji.

Jambo hili limekwisha kutokea karibu na hapo. Jina la Kajiado lina asili katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ambayo yaliendelea kuandikwa kwa namna iliyo karibu zaidi na asili yake katika jina la halmashauri ya Ol Kejuado, hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa muda mrefu basi mji ulikuwa na jina moja kwa maandishi mawili, moja la ramani na moja la halmashauri. Kitengela nao una historia kama hiyo, kwa maana kituo cha biashara kilichokua kikawa mji kilijulikana kwa jina la Noonkopir, kabla ya jina la eneo pana kuchukua nafasi yake.

Haipendekezwi hapa kwamba majina yaliyozoeleka yafutwe. Kinachopendekezwa ni kwamba kibao kinapobadilishwa, jina liandikwe kwa ukamilifu wake na kwa tahajia iliyoamuliwa pamoja na wasemaji wa Kimaasai. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi; papo hapo inaipa dola wajibu wa kuendeleza na kulinda lugha nyingine za wananchi. Wajibu huo haupaswi kungoja vitabu vya kiada peke yake. Katika mji ambao sasa umejaa wahamiaji wa kila kabila, jina ndilo neno la Kimaasai ambalo kila mkazi hulitamka kila siku, na kulitunza hakugharimu zaidi ya rangi.

Salamu na hadhira yake

Baada ya jina huja salamu. Neno "karibu" ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayofahamika hata na watu wasioijua lugha hii, na kwa hivyo hutumiwa bila kufikiriwa. Mara nyingi hufuatwa na "katika", kwa mfano "Karibu katika Kaunti ya Fulani". Kihusishi hicho kimeletwa na tafsiri, maana Kiingereza kwa kawaida hutumia kihusishi kinapomkaribisha mtu mahali palipotajwa kwa jina. Mswahili husema "karibu nyumbani", "karibu Mombasa", na salamu ikakamilika. Inafaa kukumbuka pia kwamba "karibu" ni neno la umbali kabla halijawa neno la ukarimu: maana yake ya msingi ni kusogea. Anayekaribisha anamtaka mtu apunguze umbali ulio kati yao. Salamu hiyo, inapoandikwa juu ya nguzo kando ya barabara ambayo mwenye gari huipita bila kusimama, hupoteza nusu ya maana yake.

Kasoro kubwa zaidi hujitokeza upande wa pili wa kibao, ule unaosomwa na anayetoka. Desturi ya vibao vya namna hii ni kumshukuru msomaji kwa kuutembelea mji. Shukrani hiyo inamfaa mtalii. Lakini watu wengi wa Ongata Rongai na Kitengela hutoka alfajiri kwenda kufanya kazi Nairobi na hurudi usiku. Mfanyakazi anayetoka nyumbani kwake asubuhi, akashukuriwa kwa kutembelea, amefanywa mgeni katika mji anaoulipia kodi ya nyumba. Hapa ndipo kosa la msemezwa linapoonekana kwa uwazi wote. Si kwamba maneno ni mabaya, wala sarufi imevunjwa. Ni kwamba mtunzi alimfikiria mtu mwingine.

Methali ya Kiswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili ndani yake, na faida ya ujio ni ya mwenyeji. Kibao kinachofuata mantiki ya methali hiyo kingeweza kumwambia anayetoka "Safari njema", au "Nenda salama, rudi salama", maneno yanayomfaa mgeni na mkazi kwa usawa, na ambayo hayamlazimishi mwenyeji kujifanya mtalii. Vile vile, upande wa kuingilia ungeweza kuanza kwa salamu ya Kimaasai, "Sopa", inayojulikana na wengi hata wasio Wamaasai, kisha ikafuata "karibu" ya Kiswahili. Salamu mbili zikipangwa hivyo humwonyesha mgeni mpangilio wa wenyeji wenyewe.

Mfano wa kulinganisha upo Mombasa. Pembe za Ndovu zilizo katika barabara ya Moi, ambayo zamani iliitwa barabara ya Kilindini, zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza. Asili yake basi ni ya kikoloni, na msemezwa wake wa kwanza hakuwa Mmombasa. Hata hivyo lango hilo halina neno hata moja. Pembe zinakutana juu ya barabara, watu wakasoma ndani yake herufi M ya jina la mji wao, na wakalifanya mahali pa kupigia picha na pa kukutania. Jambo hilo lathibitisha kanuni inayojulikana na wahakiki: maana ya kazi ya sanaa haimalizwi na nia ya aliyeiagiza. Lathibitisha pia kwamba lango huwa la wenyeji pale ambapo mtu wa miguu aweza kulifikia. Kibao kilichowekwa mahali pasipo na njia ya miguu, pasipo na kivuko wala kivuli, hakiwezi kamwe kupata maana hiyo ya pili, hata kiandikwe kwa Kiswahili fasaha namna gani.

Kivuko na anayevuka

Kutoka kwenye lango, mhakiki anafika kwenye kivuko, na hapa ndipo msamiati wenyewe unapostahili kuchunguzwa. Neno la kwanza la kuangaliwa ni "taa za kuongozea magari", jina linalotumika sana Tanzania kwa taa za njia panda. Kenya hutumia zaidi "taa za trafiki". Majina yote mawili yana upungufu mmoja: mtu hayumo. Kifaa kimetajwa kwa faida ya gari, hata pale ambapo taa imewekwa kwa ajili ya kumvusha mtoto wa shule.

Neno la pili ni lile la mtu mwenyewe. Kiswahili cha leo humwita "mwenda kwa miguu" au "mtembea kwa miguu". Istilahi hizi zimetokana na haja ya kumtofautisha na mwenye chombo, na kwa hiyo humweleza kwa kile asichokuwa nacho. Kabla ya kuja kwa magari lugha haikuhitaji jina kama hilo, kwa sababu kila mtu alikwenda kwa miguu. Lakini lilikuwapo na bado lipo neno "mpita njia". Neno hili humtaja mtu pamoja na njia yake; njia ni yake kwa kuwa anaipita. Tofauti si ya mapambo. Kibao kinachosema "mpishe mpita njia" kinamkumbusha dereva kwamba yule aliye mbele yake yumo njiani kwa haki.

Neno la tatu ni "kivuko". Mjini Mombasa na Dar es Salaam neno hili halikosi harufu ya bahari: ni mahali pa kuvukia maji, au chombo chenyewe kinachovusha watu, kama vile kati ya Magogoni na Kigamboni. Kulitumia kwa barabara ni kupanua maana, na upanuzi huo una busara ndani yake, kwa kuwa barabara ya malori inafanana na mto wenye mkondo mkali. Hata hivyo, ikiwa pana haja ya kutofautisha, sarufi ya Kiswahili inatoa "kivukio", kutokana na kitenzi cha kutendea "vukia", kama vile "kimbilio" lilivyotokana na "kimbilia" na "egemeo" na "egemea". Kivukio ni mahali hasa pa kuvukia, wala si chombo.

Ama kuhusu jina la "kivuko cha punda milia", Kitengela kinalipa maana ambayo Waingereza waliolitunga hawakuifikiria. Vivuko vya milia vilipata nguvu ya sheria nchini Uingereza mwaka 1951. Wakati huo huo punda milia wenyewe walikuwa wakivuka kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kwenda katika nyanda za Kitengela, kwa kuwa upande wa kusini wa hifadhi hauna ua. Nyumba, viwanda na seng'enge vimezidi kuibana njia hiyo ya wanyama. Hivyo jina la mnyama limerudi kutoka Ulaya likiwa limechorwa juu ya lami, huku mnyama mwenyewe akipungukiwa na mahali pa kuvukia. Istilahi hii haikosi kueleweka, lakini kwa mtu wa Kitengela haiwezi kuwa neno tupu la kiufundi.

Baada ya nomino, vitenzi. Mafunzo ya usalama barabarani yanayotolewa kwa watoto hujengwa juu ya kitenzi "vuka" na kitenzi "tazama": tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka. Ni mafunzo ya lazima, na hakuna anayeweza kuyapinga. Lakini uchunguzi wa tungo hizo unaonyesha kwamba katika amri zote mtendaji ni mtoto, na gari halimo ndani ya sentensi. Magazeti nayo huandika kwamba mtu "amegongwa na gari". Hapa gari limeingia, lakini dereva ametoka. Ukiziweka tungo hizo mbili pamoja, utakuta kwamba sarufi imemwondolea dereva wajibu mara mbili: haamriwi kabla ya ajali, wala hatajwi baada yake.

Kitenzi kinachokosekana ni "pisha". Kimetokana na "pita" kwa mnyambuliko ule ule uliozaa "pasha" kutokana na "pata", na maana yake ni kumfanya mwingine apite. Kitenzi hiki hakina haja ya kutafsiriwa kutoka popote. Katika vichochoro vya miji ya kale ya pwani, mchukuzi mwenye mzigo mzito hupiga kelele "Simile!", na watu wakampisha. Desturi hiyo ina haki yake: aliyelemewa hupishwa na asiyelemewa. Lakini katika barabara ya Magadi kanuni hiyo imepinduliwa. Honi ya gari imechukua nafasi ya "simile", na anayepishwa ni mwenye nguvu. Kibao kikimwambia dereva "PISHA", kinairudisha desturi ya ustaarabu mahali pake, kwa neno ambalo dereva alifundishwa na mama yake kabla hajafundishwa kuendesha.

Picha bila maneno

Yaweza kupingwa kwamba mjadala huu hauna faida, maana alama za barabarani za kisasa ni picha, na picha husomwa na kila mtu. Pingamizi hili lina uzito. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani ulikusudia hasa kupunguza maneno, ili dereva avuke mipaka bila kupotea. Namanga ni mpaka wa namna hiyo: kituo cha pamoja cha Kenya na Tanzania kilifunguliwa rasmi hapo Desemba 2018, na dereva anayepita anatoka katika nchi moja yenye desturi zake za vibao kwenda katika nyingine.

Hata hivyo, mkataba huo huo hauikatazi lugha ya nchi. Kwa kibao chekundu cha pembe nane unaruhusu neno STOP ama kwa Kiingereza ama kwa lugha ya nchi husika. Na duniani mataifa yameamua kwa njia mbalimbali: Uturuki huandika DUR, Brazil huandika PARE, Meksiko huandika ALTO. Mfano wa Quebec ni wa kuzingatiwa zaidi, kwa maana huko huandikwa ARRÊT, ilhali Ufaransa yenyewe, iliyo mama wa lugha hiyo, imeridhika na STOP. Waliokuwa na wasiwasi juu ya lugha yao ndio walioiweka barabarani. Nchini Kenya dereva bado anaamriwa kwa Kiingereza. Neno "SIMAMA" lina herufi sita tu. Ni kweli kwamba anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria ndani ya miji, husafiri karibu mita 14 kila sekunde, na hawezi kusoma sentensi. Lakini hoja hiyo inadai maneno machache; haidai maneno ya kigeni.

Picha nazo zina utunzi. Mtu mwekundu na mtu wa kijani wa taa za kivuko ni wahusika, na mji waweza kuwapenda au kuwapuuza. Mwaka 1961 Karl Peglau, mwanasaikolojia wa mambo ya usafiri katika Berlin ya Mashariki, alibuni mtu wa taa mwenye kofia na hatua ya furaha. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, wakuu walianza kumwondoa ili kusawazisha taa za nchi nzima. Raia walimtetea, naye akabaki, hata akahamia upande wa magharibi wa mji. Watu hao hawakuwa wakitetea balbu. Walitetea ishara iliyokuwa imewasemeza wao kwa miaka mingi, na ambayo ilitaka kuondolewa bila wao kuulizwa. Funzo kwa Kajiado ni kwamba ubadilishaji wa ishara ni jambo la umma, hata kama ishara yenyewe haina lugha.

Zaidi ya sura yake, taa ina muda, na muda huo ndio mizani yake. Kama mshairi anavyohesabu silabi, ndivyo mhandisi anavyohesabu sekunde, na hesabu hiyo humchagua msemezwa kwa ukali kuliko maneno. Barabara yenye njia nne za mita 3.5 kila moja ina upana wa mita 14. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, uliotumika kwa muda mrefu katika miongozo ya usanifu, kuvuka huchukua takriban sekunde 12. Mwongozo wa Marekani ulipunguza kipimo hicho mwaka 2009 hadi karibu mita 1.07, na hapo huhitajika sekunde 13. Mzee au mama aliyebeba mtoto, akienda mita 0.8 kwa sekunde, atahitaji zaidi ya sekunde 17. Taa ya sekunde 12 humwambia kijana "vuka", na humwambia mzee "vuka nusu". Hakuna marekebisho ya tahajia yatakayoiponya matini hiyo.

Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kupata habari. Kwa asiyeona, taa isiyo na sauti si matini kamwe. Ikiwa sauti itakuwa ya maneno, Kiswahili kinayo "Ngoja" na "Vuka", maneno mawili yenye silabi mbilimbili, yasiyofanana kwa vokali wala kwa konsonanti ya mwanzo, na kwa hivyo yasiyoweza kuchanganywa katika kelele za matatu. Na umeme unapokatika, picha na sauti hufa pamoja. Kinachobaki ni mistari ya rangi na kibao cha maandishi. Hiyo ndiyo sababu ya mwisho na ya nguvu zaidi ya kutoyadharau maneno.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kibao cha lango na taa za kivuko ni kazi moja yenye sehemu mbili. Cha kwanza kinasema mji ni wa nani. Cha pili kinasema uhai wa nani unalindwa ndani yake. Mji unaomkaribisha mgeni kwa kibao kinachong'aa na kumwacha mkazi wake akimbie mbele ya malori umetoa kauli, hata kama hakuna aliyekusudia kuitoa.

Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, jina liandikwe kamili, kwa tahajia iliyokubaliwa na wasemaji wa lugha iliyolizaa. Pili, salamu ya kuingia na ya kutoka ichaguliwe kwa kumfikiria mkazi anayepita hapo kila siku, kisha mgeni. Tatu, katika kila kivuko amri ya kwanza apewe dereva, kwa Kiswahili, na kwa kitenzi kinachomtaka atende: simama, pisha. Onyo kwa mpita njia lije baada ya hapo, na muda wa taa uhesabiwe kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote.

Idara za lugha za vyuo vikuu zimetumia miaka mingi kusanifu istilahi za fizikia, sheria na benki. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa. Lakini maandishi yanayosomwa na watu wengi kuliko maandishi mengine yote nchini hayamo vitabuni. Yamo juu ya nguzo za barabarani, na mwanalugha amewaachia wengine wayatunge. Mtoto wa Kitengela anayesubiri ng'ambo ya barabara asubuhi, mkoba mgongoni, ni msomaji kama wasomaji wengine, na matini iliyo mbele yake yapasa kuhakikiwa kabla hajaanza kuvuka.